Kambi, koleo au mkandarasi: njia ipi ya ajira za umma za Marekani ya miaka ya 1930 ungeifuata leo?

Kijijini kwetu kuna lambo lililochimbwa kiangazi kimoja kwa majembe, makoleo na karai, wengi wa wachimbaji wakiwa kina mama. Mimi ndiye niliyeshika daftari la mahudhurio. Watu walilipwa ujira wao, chakula kikapatikana majumbani, na masika ya kwanza lambo likajaa. Masika ya pili tuta likamegeka pale maji yanapotorokea. Ufa ule ulihitaji siku mbili za kazi, mawe ya mto na mifuko michache ya saruji. Hakuna aliyeuziba, kwa sababu hakuna aliyeandikwa popote kuwa ndiye mwenye kazi hiyo. Leo lambo ni dimbwi la tope, na wale wale waliochimba hupita kandokando yake wakiwa na ndoo kichwani, kwenda kutafuta maji mbali zaidi.

Tangu hapo, kila ninaposikia fedha za ajira za muda zinakuja, swali langu la kwanza ni nani atakayebaki na kitu hicho siku vibarua wakiondoka. Swali hilo ndilo lililonifanya nisome kwa makini yaliyofanyika Marekani wakati wa Mdororo Mkuu wa uchumi. Mwaka 1933, Mmarekani mmoja kati ya kila wanne wenye kutafuta kazi hakuwa nayo. Rais Franklin Roosevelt alipoingia madarakani mwezi Machi mwaka huo, serikali yake ilianzisha mpango wa New Deal, na ndani yake zikaendeshwa kwa wakati mmoja njia tatu tofauti kabisa za kuwapa watu kazi. Nchi ilikuwa moja na umaskini ulikuwa ule ule, na zaidi ya miaka 80 imepita, kwa hiyo tunaweza kwenda kuangalia nini kimesimama na nini kimeanguka. Mwenye kupanga mradi wa kata au wilaya leo hatapata mahali pazuri zaidi pa kulinganishia.

CCC: vijana kambini

Njia ya kwanza ilikuwa kikosi cha vijana wa uhifadhi, kilichojulikana kwa herufi CCC. Sheria yake ilisainiwa 31 Machi 1933, na kambi ya kwanza ikafunguliwa Virginia tarehe 17 Aprili. Ni siku 17 tu! Walichukuliwa vijana wa kiume wasio na wake, wa miaka 18 hadi 25, kutoka familia zilizokuwa zikipokea msaada. Ujira ulikuwa dola 30 kwa mwezi, na kama dola 25 kati ya hizo zilitumwa moja kwa moja nyumbani. Jeshi liliendesha kambi, na wataalamu wa misitu, udongo na hifadhi wakapanga kazi. Aliyepita JKT kwa Tanzania au NYS kwa Kenya atapata picha mara moja: sare, mistari ya asubuhi, foleni ya chakula, halafu koleo mpaka jioni. Jioni yenyewe kulikuwa na darasa, na makumi ya maelfu ya vijana walijifunzia kusoma kambini.

Kufikia 1942, kikosi kilipofungwa, kama vijana milioni 3 walikuwa wamepita humo na miti kama bilioni 3 ilikuwa imepandwa. Hifadhi nyingi ambazo Wamarekani huzitembelea wikendi, pamoja na njia zake za miguu, vibanda vya mawe na minara ya kuangalia moto, ni kazi ya mikono ya vijana hao.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Red Rocks, karibu na Denver, Colorado. Pale pana miamba miwili mikubwa myekundu inayotazamana, na katikati yake mteremko. Jiji la Denver lilikuwa tayari limeshaimiliki ardhi hiyo, na lilikuwa na msanifu wake, Burnham Hoyt, mwenye michoro mkononi. Vijana wa CCC wa kambi ya Morrison, chini ya mlima, walifanya kazi kuanzia 1936, wakipanga safu za viti kufuata mteremko ili jukwaa lionekane kana kwamba lilikuwapo pale tangu miamba ilipoumbwa. Ukumbi ulifunguliwa 15 Juni 1941. Leo unaingiza watu zaidi ya 9,000 kwa usiku mmoja wa muziki, na mwenye kuutunza ni yule yule wa siku ya kwanza, jiji la Denver. Hata majengo ya kambi ya vijana bado yapo.

Lakini CCC ina kovu zake. Kusini mwa Marekani, ambako mvua zilikuwa zimekomba udongo wa mashamba ya pamba, idara ya kuhifadhi udongo ilihimiza mmea utambaao uitwao kudzu, wenye asili ya Asia ya Mashariki. Vijana wa kambi waliupanda kwenye makorongo, na wakulima walilipwa hadi dola 8 kwa ekari ili waupande. Mmea ulishika udongo kweli. Kisha ukashika na miti, nguzo za umeme na nyumba zilizohamwa, na mpaka leo majimbo ya kusini yanagharimika kuukata. Mtu mwenye kikosi cha vijana 200, malori na miche ya bure anaweza kukosea kwa ukubwa ambao mkulima mmoja hawezi kuufikia.

Na kuna walioachwa. Wasichana hawakuruhusiwa kabisa. Eleanor Roosevelt, mke wa Rais, alipigania kambi zao, na zilizopatikana zilipokea kama wasichana 8,500 tu. Vijana weusi waliingia, lakini tangu 1935 amri ilitoka kwamba wakae kwenye kambi zao peke yao.

PWA: zabuni na mkandarasi

Njia ya pili ilikuwa ya shirika la kazi za umma, PWA, na ndiyo inayofanana zaidi na tulivyozoea. PWA ilianzishwa Juni 1933 ikiwa na dola bilioni 3.3, chini ya waziri Harold Ickes. Haikuajiri kibarua hata mmoja moja kwa moja. Ilitoa ruzuku na mikopo kwa miji na majimbo, mji ukatangaza zabuni, mkandarasi akashinda, naye akaajiri. Ickes aliogopa wizi kuliko kitu chochote, akawa anapitia mikataba kwa jicho lake mwenyewe. Wizi ulikuwa mdogo kweli, na majengo ni ya kudumu. Kati ya 1933 na 1939, kama asilimia 70 ya majengo mapya ya shule nchini Marekani yalijengwa kwa msaada wa PWA, na hospitali mpya kama asilimia 35.

Gharama ya uangalifu huo ilikuwa muda. Baridi ya 1933 ilikaribia na fedha bado zilikuwa kwenye mafaili. Ndipo Roosevelt akamwita Harry Hopkins, mtu wa ustawi wa jamii, akachukua sehemu ya fedha za Ickes na kumpa. Hopkins alianzisha mpango wa dharura mwezi Novemba, na kufikia Januari 1934 watu zaidi ya milioni 4 walikuwa kazini. Hopkins anakumbukwa kwa kusema kwamba watu hawali kwa muda mrefu ujao, wanakula kila siku. Kila ninapoona mradi wa ajira ukisubiri upembuzi yakinifu mpaka njaa ipite, namkumbuka.

Kwa kitu kimoja kikubwa, hata hivyo, PWA haina mshindani. Daraja la Triborough jijini New York lilianza kujengwa Oktoba 1929, siku zile zile soko la hisa lilipoporomoka, likakwama kwa kukosa fedha. Fedha za PWA ndizo zilizolimaliza, likafunguliwa 11 Julai 1936, likiunganisha Manhattan, Queens na Bronx. Lina mamlaka yake, na mamlaka hiyo ina ushuru wa magari. Yaani ukarabati wake haumsubiri mtu aombe bajeti. Barabara inayovuka bahari hadi Key West, Florida, iliyofunguliwa 1938 kwa mkopo wa PWA, nayo iliishi kwa ushuru mpaka 1954.

Upande wa pili uko Atlanta. Techwood Homes ulikuwa mradi wa kwanza wa nyumba za umma wa PWA. Roosevelt mwenyewe alienda kuuzindua Novemba 1935, na familia zikaingia 1936. Mtaa wa maskini ulibomolewa kupisha majengo safi ya matofali yenye maji, umeme na sehemu za kufulia. Mtaa ule wa zamani ulikuwa na weusi na weupe. Nyumba mpya zilikuwa za weupe tu, na hali hiyo ilidumu mpaka miaka ya 1960. Miaka 60 baada ya kufunguliwa, kabla ya Olimpiki ya 1996, sehemu kubwa ilivunjwa. Matofali yalikuwa mazima. Kilichokosekana tangu mwanzo ni watu wa mahali pale ndani ya mpango, na jengo halina namna ya kurekebisha hilo baadaye.

WPA: kazi ya mtaani, kwa mtu wa mtaani

Njia ya tatu, ya shirika la maendeleo ya kazi, WPA, ndiyo kubwa, na ndiyo iliyotukanwa zaidi. Ilianza Mei 1935 chini ya Hopkins na kufungwa 1943. Kwa miaka hiyo minane iliajiri watu kama milioni 8.5. Serikali kuu ilikuwa mwajiri moja kwa moja. Halmashauri ya mji au wilaya ilileta wazo la mradi, kiwanja na sehemu ya vifaa, na wafanyakazi wengi sana walitoka kwenye orodha ya waliokuwa wakipokea msaada. Ujira ulikuwa kati ya dola 19 na 94 kwa mwezi, kutegemea eneo na ujuzi. Kwa msomaji wa Tanzania, changanya miradi ya ajira za muda ya TASAF na utaratibu wetu wa fosi akaunti, ule wa kutumia mafundi wa hapo hapo bila mkandarasi, halafu uupeleke kila wilaya ya nchi nzima.

Magazeti yaliwacheka kuwa kazi yao ni kuegemea makoleo. Hesabu inawajibu: barabara zaidi ya kilomita milioni 1 zilizojengwa au kukarabatiwa, majengo ya umma kama 125,000, madaraja zaidi ya 75,000. Na vyoo vya shimo zaidi ya milioni 2 vijijini, vyenye sakafu ya zege na kifuniko, jambo ambalo wasimulizi wa historia hulipita haraka na mimi sipiti, kwa sababu najua choo bora kinavyopunguza kuhara kwa watoto. Katika miji mingi ukiinamisha kichwa njiani utaona herufi WPA na mwaka vimegandamizwa kwenye zege la njia ya miguu. Zege hilo bado linakanyagwa.

WPA pia ililipa watu kwa kazi ambazo kwetu hazimo kabisa kwenye orodha ya ajira za muda. Wanawake waliwekwa kwenye vyumba vya kushona, wakashona nguo za maskini na shuka za hospitali, na wengine wakapika chakula cha mchana mashuleni. Katika milima ya Kentucky walipanda farasi na nyumbu, wakivuka vijito kupeleka vitabu kwenye nyumba zisizofikiwa na barabara. Waandishi wasio na kazi walitumwa kwenda kuwahoji wazee waliozaliwa utumwani, na masimulizi zaidi ya 2,300 yakahifadhiwa. Wazee hao wasingesubiri uchumi upone.

Mahali pawili panaonyesha nguvu na udhaifu wa njia hii kuliko hesabu yoyote.

Pa kwanza ni Timberline, hoteli iliyoko kwenye Mlima Hood, Oregon, kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Mafundi wachache wenye ujuzi waliwafundisha wengine papo hapo. Kwa kuwa fedha za vifaa zilikuwa chache na mikono ilikuwa mingi, walifanya kazi kwa vilivyotupwa. Nguzo za ngazi zilichongwa kutoka milingoti mikuukuu ya nyaya, kila moja ikiishia kwa kichwa cha ndege au mnyama wa msitu ule. Vyuma vya kubebea kuni kwenye meko vilifuliwa kutoka reli za zamani. Wanawake walisuka mazulia kwa vipande vya mablanketi ya kambi za CCC. Roosevelt aliizindua Septemba 1937. Halafu WPA ikafungwa, na kufikia 1955 hoteli ilikuwa imechakaa mpaka ikafungwa milango. Iliokolewa na mwendeshaji mpya aliyeichukua mwaka ule, na tangu 1975 na chama cha wapenzi wake kinachofuma upya mapazia na mazulia kwa mitindo ile ile ya awali.

Pa pili ni San Antonio, Texas. Mwaka 1921 mto uliopita katikati ya mji ulifurika na kuua watu wasiopungua 50. Wengine walitaka ule mkono wa mto ufunikwe kwa zege uwe mtaro wa maji machafu. Wanawake wa chama cha kuhifadhi mji walipinga. Mwaka 1929 msanifu kijana, Robert Hugman, akaleta mchoro wa njia za miguu na maduka kandokando ya maji, chini ya usawa wa barabara. Mchoro ulikaa miaka tisa bila fedha. Oktoba 1938 ikapigwa kura ya wenye mali kando ya mto wajitoze kodi ya kulipia sehemu ya mradi: 107 walikubali, 2 walikataa. Zilipatikana dola 75,000 za wenyeji, na WPA ikaongeza zilizobaki. Kati ya 1939 na 1941 vibarua walijenga ngazi 31 za kushukia mtoni, kuta za mawe, madaraja madogo, na wakapanda miti na vichaka zaidi ya 11,000.

Angalia kilichofuata. Kwa miaka karibu 20 njia ile ilikuwa kimya, chafu nyakati za usiku, na wanajeshi walikatazwa kushuka huko. Lakini kodi ya wenye mali ilikuwa imeshawafanya waone mto ni wao. Mkahawa wa kwanza ukafunguliwa kando ya maji 1946, na maonyesho ya dunia ya 1968 yalipokuja mjini, jiji lilijua pa kuanzia. Leo njia hiyo ndiyo inayowaleta watalii San Antonio.

Ukiziweka upande kwa upande

Kwa haraka ya kuweka fedha mkononi mwa mwenye njaa, CCC na WPA zinaiacha PWA mbali sana. CCC iliweza kwa sababu jeshi lilikuwa tayari na mahema na wapishi. Bila taasisi kama hiyo, kambi itachelewa na itakula fedha kabla kijana hajashika jembe.

Kwa kiasi kinachomfikia kibarua, WPA ndiyo ya kwanza. PWA ilitumia sehemu kubwa kwenye chuma, saruji na faida ya mkandarasi. Kazi ilipatikana pia viwandani, lakini mjane wa mtaa ule hakuiona.

Ubora ni jambo la kusema kwa uangalifu. Mimi niliamini kwamba kazi ya vibarua lazima iwe dhaifu, mpaka nilipoona kwamba Red Rocks, Timberline na San Antonio zote zilijengwa na watu waliookotwa kwenye orodha ya msaada. Zote tatu zilikuwa na wasanifu wenye michoro, na mafundi wazoefu wa kufundisha wengine. Lambo letu halikuwa na yeyote kati ya hao.

Walioachwa: CCC iliwaacha wanawake na wenye familia. WPA iliruhusu mtu mmoja kwa kaya, na kwa kawaida mtu huyo alikuwa mume. Katika ubaguzi wa rangi, Ickes wa PWA alijitahidi kuliko wenzake kuweka masharti ya kuajiri mafundi weusi, na bado Techwood ilijengwa chini yake.

Na mrithi? Hapa ndipo ninapoamulia. Triborough ilikuwa na mamlaka na ushuru, Red Rocks ilikuwa na jiji, San Antonio wenye mali waliojitoza. Timberline haikuwa na mwenyeji wa karibu wa kuihangaikia, ikafungwa milango.

Basi uchague ipi

Kama kitu chenyewe kikianguka kitaua watu, au kinahitaji vyuma na hesabu za uhandisi, kama daraja, zahanati ya ghorofa au bwawa kubwa, chukua njia ya PWA na uvumilie ucheleweshaji. Usiiite mradi wa ajira, maana watu watasubiri kazi ambazo hazitakuja.

Kama una vijana wengi wasio na pa kwenda na ardhi iliyochoka, CCC inafaa, lakini kwa mazao na miti ambayo wenyeji wameshaiona ikikua hapo. Kudzu ilianza na miche ya bure.

Kwa kata nyingi ninazozifahamu, zenye kina mama wanaolea peke yao, barabara za udongo, vyoo vya shule na visima, ningechukua WPA. Lakini ningeichukua kwa sharti la San Antonio: kabla ya jina la kibarua wa kwanza kuandikwa kwenye daftari, wenye kufaidika wawe wamekubali kwa kura mchango wao, hata uwe mdogo, na fedha hiyo iwe na akaunti yake. Na ningeongeza zile kazi za kushona, kupika mashuleni na kuwahoji wazee, ili mwenye mtoto mgongoni au mwenye mguu mbovu asiambiwe hakuna kazi inayomfaa.

Kwa lambo letu ningezichanganya. Kuchimba na kushindilia tuta kungebaki kwa walengwa, kwa ujira wa kila wiki mbili. Njia ya kutorosha maji ningempa fundi mwashi mwenye mchoro wa mhandisi wa wilaya, na vijana wanne wa kijiji wa kujifunza kwake. Wenye ng'ombe wangelipa kwa kila kichwa kinachonywa, na fedha hiyo ikae kwa kamati ya maji, na ya kwanza kununuliwa nayo iwe mifuko mitano ya saruji, ikae stoo ya kijiji kabla ya masika ya pili.